Mwenye Kula Faida Naachukue na Dhamana

Ndugu zangu Waislamu, na ninyi vijana wetu,

Kila masika yakikaribia, wanafunzi wangu wa chuoni huja na majembe kuuzibua mfereji ulio mbele ya mlango. Hutoa chupa za plastiki, karatasi za biskuti na maboksi yaliyooza. Mwaka huu kijana mmoja aliniuliza: "Maalim, chupa hizi zimeandikwa jina la mwenyewe. Mbona yeye haji kuzichukua?" Nilitaka kumkemea, nikidhani anaikimbia kazi; kisha nikaona kuwa swali lake ni la haki.

Sisi watu wazima twaikumbuka vema soda ya chupa ya gilasi. Ukitaka kwenda nayo nyumbani, waweka amana. Ukirudisha chupa, warudishiwa fedha zako. Kiwanda kiliichukua, kikaiosha, kikaijaza tena. Ilipoenea chupa ya plastiki, kiwanda kiliutua mzigo ule begani mwake, kikauweka mlangoni petu.

Wanavyuoni wetu wanayo kanuni iliyotoka katika Hadithi ya Mtume (s.a.w.), kwamba faida huandamana na dhamana. Wako watu wasiokuwa Waislamu walioifuata maana hiyo katika jambo hili. Mwaka 1991 serikali ya Ujerumani iliamuru wenye viwanda na maduka wabebe jukumu la kuvirudisha vifungashio vya bidhaa zao. Wengi wao walijiunga na shirika la kukusanya taka hizo, wakawa wanalipa ada kwa kadiri ya uzito na namna ya kifungashio: karatasi kwa kima chake, na plastiki kwa kima chake. Aliyefunga bidhaa kwa matabaka mengi alilipa zaidi. Basi viwanda vikaanza kupunguza. Gharama ikiingia mfukoni mwa mtengenezaji, akili yake huamka.

Kwetu nako jambo limeanza. Tanzania ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2019, ingawa katazo hilo halikugusa chupa wala boksi. Kenya ilipitisha sheria ya taka mwaka 2022, nayo yawatwika wazalishaji wajibu huo. Iliyobaki ni kutekeleza.

Watu watasema: "Bei zitapanda." Naam, huenda zikapanda kidogo. Lakini hata leo twalipa: kwa mafuriko, kwa mbu, na kwa moshi wa plastiki tunayoichoma uani karibu na watoto. Tena hulipa hata jirani ambaye hakuinunua soda ile. Hapo iko wapi insafu?

Wala sheria haituondolei sisi wajibu wetu. Enyi akina mama na akina baba, tengeni karatasi kavu mbali na makombo, kwani ikilowa haina mnunuzi. Enyi vijana, msitupe mferejini. Na mbunge akija kuomba kura, muulizeni swali la yule mwanafunzi wangu.

Wabillahi taufiq.