Hivi ngumi ni silaha? Kesi ya Jumamosi

Najua nimepotea wiki tatu, testi zimenibana na bado moja ya Alhamisi. Lakini leo siandiki habari za testi. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumamosi iliyopita, na kwa kuwa nusu yenu mlikuwepo mezani na nusu nyingine mmeshasikia upande mmoja tu wa habari (tena ule wenye makelele), acha na mimi niseme.

Kwa wasiojua: kila Jumamosi jioni tunakutana watu watano tunacheza Dungeons & Dragons. Hakuna kompyuta. Kuna karatasi, penseli, dadu na maneno. Mmoja anaongoza mchezo, sisi tunamwita DM, na muhula huu ni mimi. Wengine kila mtu ana mhusika wake: unasema mhusika wako anafanya nini, unarusha dadu ya pande 20, kisha kanuni zinasema kimetokea nini. Tunatumia kanuni za mwaka 2014, za toleo la tano, na sababu si ya kitaalamu. Januari 2023 wenye mchezo waliziachia kanuni za msingi bure chini ya leseni ya Creative Commons, na mtu anayeishi kwa bumu hakatai cha bure teh teh.

Sasa Jumamosi. Mshikaji wangu anacheza paladini, yaani askari mwenye kiapo. Paladini ana uwezo mmoja mtamu sana, sisi tunauita Pigo Takatifu. Akimpata adui, anaweza kuchoma nafasi moja ya uchawi wake wa siku ile na kuongeza madhara: dadu mbili za pande nane kwa nafasi ya ngazi ya kwanza, na dadu moja zaidi kama adui ni mfu anayetembea au shetani. Tulikuwa darajani. Upanga wake umeshadondoka mtoni. Wenzake wote wako ng'ambo, na mbele yake kuna mfu anayetembea aliyebakiza pointi 11 za uhai. Jamaa akakunja ngumi, akarusha dadu, akapata. Akainuka kwenye kiti kabisa: "Pigo Takatifu!"

Nikasema hapana, ngumi siyo silaha. Madhara ya ngumi yake ni 4. Mfu akabaki na 7, akajibu, paladini chini. Ukiwa chini unarusha dadu za kuokoka, 10 kwenda juu ni salama, ukikosa mara tatu umekufa. Akapata 4. Akapata 7. Ya tatu akapata 9. Tisa jamani! Akakusanya daftari lake akatoka bila kuaga, na mpaka leo tunapishana kantini kama hatujuani. Mhusika yule amekaa naye tangu mwaka wa kwanza.

Wengi mmesema nimekaza kwa roho mbaya. Hapo nakataa. Ila kuna mahali nilikosea, na si pale mnapopasema.

Tuanze na maneno yenyewe. Kitabu kinataka Pigo Takatifu lije baada ya kumpata adui kwa kile Kiingereza kinachoita melee weapon attack. Maneno matatu yamepangwa kama mabehewa, hujui lipi limefungwa kwenye lipi. Hiyo "melee" inaelezea silaha au inaelezea shambulio? Watu wamegombana miaka kwa jambo hili. Lakini jaribu kulisema kwa Kiswahili uone. Huwezi kulisema kabla hujaamua! Ukisema "shambulio la silaha LA karibu", basi shambulio ndilo la karibu. Ukisema "shambulio la silaha YA karibu", basi lazima silaha iwepo, upanga au rungu. Herufi moja tu, na mwalimu wako wa darasa la tatu angekuchapa ukiichanganya. Maana waliyokusudia watunzi ni ile ya LA: shambulio la karibu, la aina ya silaha, tofauti na shambulio la uchawi. Na kanuni zinaruhusu waziwazi kwamba unapofanya shambulio la aina hiyo unaweza kutumia ngumi, teke au kichwa badala ya silaha. Kwa hiyo sharti la kwanza mshikaji alilitimiza. Dada yetu wa Sheria aliliona hili palepale, mimi nilikuwa bado natafuta ukurasa.

Shida iko mbele kidogo. Sentensi hiyohiyo inaendelea kusema kwamba madhara hayo yanaongezwa juu ya madhara ya silaha. Madhara ya silaha ipi? Chapa za mwanzo za kitabu cha 2014 ziliweka ngumi kwenye jedwali la silaha, baadaye wakasahihisha wakaitoa. Kwa hiyo ngumi inapiga shambulio la silaha lakini yenyewe siyo silaha. Najua, najua. Ndiyo maana tunakunywa chai nyingi.

Dada wa Sheria akajenga hoja: sharti likishatimia, maneno yanayofuata ni ya hesabu tu, hayawezi kugeuka kuwa sharti la pili kimyakimya. Hoja nzuri kuliko yangu. Mimi nikatoa simu, nikafungua majibu rasmi ya watunzi, yale yanayoitwa Sage Advice. Swali lipo vilevile lilivyo, na jibu ni hapana: paladini hawezi kutumia uwezo huu kwa ngumi, kwa sababu ya hayo maneno ya madhara ya silaha. Nikamwonyesha, nikafunga simu. Kesi imekwisha.

Jumapili nikiwa kimbwetani nikalisoma jibu lile mpaka mwisho. Wadau, linaendelea! Wanasema DM akiamua kuruhusu, hakuna uwiano wowote utakaovunjika, maana kuufunga uwezo huu kwenye silaha kulikuwa ni kwa ajili ya sura ya paladini tu, mtu wa upanga, siyo kwa ajili ya kuzuia nguvu kupita kiasi. Yaani nilisoma nusu ya hukumu na kumuua mtu kwa nusu hiyo. Tena kwenye kitabu kipya cha 2024 wameiandika upya: Pigo Takatifu limekuwa uchawi kamili, na ngumi imetajwa kwa jina kwamba inafaa. Wamebana kwingine, maana sasa linakula kitendo chako cha ziada, kwa hiyo ni mara moja tu kwa zamu. Lakini ngumi imeshinda.

Kuna wanaosema dawa ni kuachana na herufi, DM atumie busara yake, mchezo uende. Hapana bwana. Mmesahau ya mwizi wetu? Mwizi ana shambulio la kuvizia, ambalo kitabu kinasema linatumika mara moja kwa zamu. Siyo kwa raundi. Na hakisemi "zamu yako". Raundi moja ina zamu za watu wote. Muhula uliopita binti akavizia kwenye zamu yake, halafu adui alipomkimbia kwenye zamu ya adui, akampiga la upenyo akitumia jibu lake la papo hapo, akadai tena dadu za kuvizia. Meza nzima ikapiga kelele anadanganya. Busara ya kila mtu, yangu ikiwemo, ilisema ni nyingi mno. Ila maneno yalikuwa upande wake, na ndivyo watunzi wanavyoyasoma. Bila herufi angeporwa haki yake na watu wanne wenye busara. Mtu anapopanga mhusika wake anasoma maneno, hasomi moyo wa DM. Huo uwezo kwenye karatasi yake ni ahadi, na DM aliyechoka saa nne usiku asiguse ahadi kwa hisia.

Herufi nayo ina uchizi wake, sikatai. Kwa kanuni za 2014 asiyeonekana anapewa faida zake za kupiga na kupigwa hata na mtu ambaye kwa uchawi anamwona waziwazi, kwa sababu tu sentensi ile haikutaja kuona. Mtunzi mkuu wa kanuni akasimamia usomaji huo. Mwaka 2024 wakarekebisha. Mezani kwetu hatukuwahi kuifuata hata siku moja, na hakuna aliyelia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, mnipinge mkitaka. Maneno kwanza, tena tuyaseme kwa Kiswahili kwa sauti, LA au YA, kabla ya kugombana. Yakiwa wazi na yanambeba mchezaji, yasiguswe. Yakiwa na milango miwili, hapo DM asijifiche nyuma ya kitabu kama nilivyofanya mimi. Ajiulize kitaharibika nini nikimruhusu huyu? Mimi sikujiuliza. Nilitaka tu kuwa sahihi mbele ya mwanafunzi wa Sheria, huo ndio ukweli wenyewe na ni aibu kuuandika. Na kama uhai wa mhusika uko kwenye sentensi moja yenye utata, basi mpe mchezaji kwa usiku ule, kanuni mtaipanga kabla ya kikao kijacho. Dadu zinaua za kutosha zenyewe.

Dada wa Sheria anasema kurudisha kesi nyuma ni mfano mbaya, kesho kila aliyekufa atakata rufaa. Ana haki ya kuogopa. Lakini huyu hakuuawa na dadu.

Jana nimemtumia mshikaji meseji ndefu, nimemwandikia na ile nusu ya pili ya jibu. Amesoma, hajajibu. Jumamosi tunaanzia darajani, pale ngumi ilipompata mfu. Dadu tatu za pande nane nimeziweka kwenye kikombe cha plastiki mbele ya kiti chake. Anahitaji 7 tu.