Lenzi ya Pili: Je, Yastahili Bei Yake?

Mwaka 2008 Panasonic ilitoa kamera ya G1, ya kwanza katika mpango wake na Olympus wa kamera ndogo za kubadilishwa lenzi. Kamera ya namna hii aghalabu huuzwa pamoja na lenzi moja, na haupiti muda mrefu mwenyewe akaanza kutamani ya pili. Hapo ndipo tamaa na mshahara hugombana, kwa kuwa lenzi moja huweza kuzidi bei ya kamera yenyewe, na huku karo ya watoto inangoja.

Mnunuzi mwenye busara husoma kwanza nambari zilizoandikwa kwenye lenzi. Ile iliyokuja na kamera mara nyingi ina 14-42mm na 3.5-5.6. Nambari za kwanza hueleza jinsi inavyovuta kitu karibu. Za pili hueleza upana wa tundu la mwanga, na nambari ikiwa ndogo tundu huwa kubwa. Lenzi ya Olympus ya 45mm, iliyotolewa mwaka 2011, ina 1.8. Ikilinganishwa na ile ya kwanza iliyovutwa hadi 42mm, hupitisha mwanga karibu mara kumi. Picha iliyohitaji sehemu ya sita ya sekunde sasa huhitaji sehemu ya sitini.

Faida hiyo huonekana usiku, katika nyumba yenye taa moja. Mtoto hatulii, uso wake hutoka kama moshi, nayo ndiyo picha ya kupelekewa baba aliye lindoni mbali. Hapo fedha haikupotea.

Lakini kwenye gwaride la mchana tundu hupunguzwa katika lenzi zote mbili, na tofauti yake ni shida kutambulika katika picha ya albamu. Tena lenzi ya 45mm haibadiliki. Katika chumba kidogo haitawaenea jamaa wote. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kabla ya kutoa fedha, baba na mama wazitazame picha hamsini za mwisho walizopiga. Zikiwa zimeharibiwa na giza, lenzi yenye tundu pana ni haki yao. Zikiwa zimeharibika kwa sababu mpigaji alisimama mbali, au alimweka mtu na jua mgongoni, lenzi mpya haitakuwa dawa.

Lenzi iliyokwisha tumika hupunguza gharama, lakini ijaribiwe kwanza kwenye kamera ya nyumbani. Za Panasonic na Olympus za mpango huo huingiliana. Ya Sony haiingii. Kisha imulikwe kwa kurunzi: utando kama wa buibui ndani ya kioo ni kuvu. Nayo ikishanunuliwa, isifungiwe katika mfuko wa ngozi wenye unyevu, maana kuvu haiheshimu bei.