GARI LAKO: Klachi Mpya, Gari Zito

Huenda umelitoa gari gereji likiwa na klachi na flaiwili mpya, nawe ukastaajabu kuliona zito kuliko lilivyoingia. Usikubali upesi gia boksi ishushwe tena. Kazi hiyo ndiyo ilayo fedha ya nyumba.

Kwanza tafuta barabara tambarare isiyo na magari. Ukiwa katika gia ya nne, kanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko ya injini ukiruka ilhali mwendo hauongezeki, klachi inateleza: ama kebo yake imekazwa mno, ama diski imeingiwa na oili. Kebo hulegezwa kwa dakika chache. Diski iliyolowa oili haina dawa ila kubadilishwa, na mvujo wenyewe kuzibwa.

Lakini mishale yote miwili ikipanda pamoja kwa uvivu, klachi haina hatia. Tazama basi vile ambavyo fundi alivigusa njiani: bomba la hewa lililosahauliwa, waya wa ethi wa gia boksi, na hasa sensa ya mizunguko. Katika magari mengi ya Peugeot na Renault, sensa hiyo husoma meno ya flaiwili yenyewe. Mara nyingi huwa nafasi 60, mbili zikiachwa tupu ili kompyuta itambue pistoni zilipo. Sensa chafu, au flaiwili ya gari la namna nyingine, huivuruga kompyuta, na injini hukohoa.

Kwa sababu hiyo, flaiwili kuukuu usiiache gereji. Ndiyo ya kulinganishia.