Chuma, Chagua, Chambua

Wapo wasomi wanaoshikilia kuwa Kiswahili hakina upana wa kubeba elimu ya juu, na ushahidi wao ni wingi wa maana zilizomo katika vitenzi vya Kiingereza. Na watazame "pick". Asili yake ni kazi ya kitu chenye ncha: kudunga, kudonoa, kuchokoa, nacho ni jamaa ya "piquer" ya Kifaransa. Kutoka hapo kikapanda hadi kuchuma, kisha kuchagua, hata kuchokoza ugomvi. Lakini neno moja kubebeshwa kazi zote hizo, ni utajiri au ni ufukara?

Jibu liko Bariadi, makao makuu ya Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na unaoishi kwa pamba. Huko mkulima huchuma pamba, kisha huichagua, safi mbali na fifi mbali. Kiwandani ikachambuliwa, nyuzi zikaachana na mbegu. Kazi tatu, vitenzi vitatu. Kiingereza hutosheka na "pick" kwa mbili za mwanzo. Kwa ya tatu kiliazima jina la mashine, kwani "gin" ni mkato wa "engine".

Wala vitenzi vyetu havikubaki shambani. Mtu huchuma mali, na mchuma janga hula na wa kwao. Kuchambua nako kumetoka kwenye pamba na mboga kukafika kwenye shairi, na mhakiki akaitwa mchambuzi. Kiingereza kilipanda kutoka mkononi hadi akilini. Kiswahili kimepanda ngazi ile ile.

Basi kisingizio kimebaki gani? Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka kuwa Kiswahili kifundishie katika ngazi zote. Sekondari za serikali zikaendelea na Kiingereza. Mtoto wa Bariadi aliyeanza na Kisukuma nyumbani, akahangaika hadi akakimudu Kiswahili darasani, hufika kidato cha kwanza akaanza upya kama bubu. Anayajua mambo; ananyimwa ulimi wa kuyasema. Kisha akinyamaza huitwa mzito.

Uzito si wa mtoto, wala si wa lugha. Ni wa wale waliopewa pamba safi mkononi wakaiita fifi, kwa kuwa hawajapata kuichambua.