Resipi siyo dozi (sehemu ya 6)

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, nafungua simu nakuta maswali yamejaa kuhusu ile picha ya pizza za kukunja niliyoweka Jumapili. Karibu wote mnauliza kitu kimoja. "Dada nesi, sina mozzarella, niache?" "Sina oveni, basi tena?" Mmoja ameniumiza kweli: alishakanda unga, akagundua hana oregano, akaufunika akauacha. Ukachacha ukamwagwa. Unga wa ngano bei yenyewe mnaijua, halafu umwagwe kwa sababu ya kijiko cha majani makavu!

Jamani. Mimi kazini ndiye yule anayekugombeza ukigusa dozi. Nikikwambia dawa ya mtoto ni siku 5, siyo siku ya 2 akichangamka unaifungia kabatini mpaka homa nyingine. Hapo sina mzaha. Lakini resipi siyo dozi. Aliyeiandika alikuwa na jiko lake, soko lake na watoto wake, wewe una wako.

Na hizi pizza zenyewe zina historia ya kuchekesha. Kule Marekani, mji wa Duluth, jimbo la Minnesota, kulikuwa na bwana mmoja anaitwa Jeno Paulucci, mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano. Utajiri wake wa kwanza aliupata kwa kuuza vyakula vya Kichina vya makopo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akachukua zile roli za Kichina za kukaanga, akatoa kilichokuwa ndani, akaweka mambo ya pizza. Ndiyo hizo pizza rolls zikaingia madukani. Sasa mtu asije akakutisha eti unaharibu "asili yake". Asili yake ni Muitaliano aliyechezea chakula cha Kichina akiwa Marekani! Na sisi tuna Forodhani pale Unguja, unga mwembamba, kima, yai, kinakunjwa na kukaangwa mbele yako, na watu wanaita pizza bila kumwomba mtu ruhusa.

Kwangu nafanya hivi. Vikombe 3 vya unga, hamira kijiko kimoja na nusu cha chai, sukari kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko 2 vya chakula, na kikombe kimoja cha maji au maziwa ya uvuguvugu, unaongeza taratibu kadiri unga unavyodai. Kanda mpaka ulainike usishike mkono. Funika uumuke mpaka uwe mara mbili. Kwa joto la Dar hata dakika 45 zinatosha, ila walioko Njombe na Lushoto mtasubiri, msiniletee kesi.

Mchuzi ndipo wengi mnakosea. Mnaupaka ukiwa na maji, halafu mnalalamika katikati hapaivi. Nyanya, kitunguu na kitunguu saumu, kaanga mpaka ukipitisha mwiko unaona chini ya sufuria na mchuzi haurudi haraka. Mimi humo naficha karoti ya kukwaruza na hoho, maana nyumbani kwangu kuna bwana mdogo ambaye akiona karoti anafunga mdomo kama mlango wa benki. Oregano kama huna, giligilani ipo. Hata giligilani huna? Endelea tu.

Sukuma unga kama chapati lakini mrefu, paka mchuzi, tandaza kima kilichokaushwa, nyunyiza jibini, yaani chizi kama tunavyoiita. Viringisha kama mkeka, kata vipande vya upana wa vidole viwili. Oveni nyuzi 190, kama dakika 20 hadi 25, mpaka juu paive rangi. Asiye na oveni, sufuria nzito iliyopakwa mafuta, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kama tunavyopalia wali. Zinatoka vizuri tu. Jibini ni ghali? Weka kidogo, au usiweke, ponda yai la kuchemsha uchanganye na kima. Wifi yangu wa Mwanza anaweka dagaa waliokaangwa wakakauka, kasaga kidogo na ndimu. Nilimcheka. Nilipoonja niliacha kucheka.

Sasa maoni yangu yenyewe, na najua wengine mtanuna. Sisi wengi tunapobadilisha resipi tunaibadilisha kuelekea upande mmoja tu: chumvi zaidi, kiungo cha kopo, soseji, sukari. Tunasema "mtoto ndiyo anavyopenda". Nani kamfundisha kupenda? Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai. Mtu mzima huyo! Jibini ina chumvi, soseji ina chumvi, kile kiungo cha mchemraba ndiyo usiseme. Kwa hiyo mimi nikishaweka jibini, kwenye mchuzi siweki chumvi kabisa. Wiki ya kwanza walilalamika, baba yao kuliko wote. Sasa hivi wakila za dukani wanaomba maji.

Na yule wa chini ya mwaka mmoja, msimwekee chumvi wala asali kwenye chakula chake. Asali hapana kabisa mpaka atimize mwaka. Akitamani mnachokula, mchotee kima na nyanya kabla hujakoleza chochote, mpondee. Halafu msiwape chai ya rangi pembeni ya chakula, inazuia mwili kuchukua madini ya chuma, na watoto wenye upungufu wa damu ninaowaona wanatosha.

Soseji ina habari yake, na hii sijawahi kuiandika.

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka miwili na nusu. Bethdei ya dada yake, nyumba imejaa. Nilitengeneza pizza hizi hizi, ndani nikaweka soseji, nimezikata miduara, maana kwenye picha ya resipi zilikatwa hivyo na zilipendeza. Mtoto akachukua, akakimbia nayo, anacheka. Kisha kicheko kikakatika. Hakukohoa, hakulia. Mdomo wazi, sauti hakuna, midomo inabadilika rangi. Nilimlaza kifudifudi juu ya paja, kichwa chini, nikampiga kati ya mabega. Pigo la nne kikaruka. Duara zima, halijatafunwa. Nikakiokota nikakikagua kwa muda mrefu kama mjinga. Mimi, nesi, ninayewafundisha wengine! Mama mkwe aliniletea maji, nikashindwa kushika kikombe.

Tangu siku hiyo soseji kwangu inapasuliwa kwa urefu mara nne, ndipo inakatwa vipande vidogo. Zeituni nzima haiingii. Na nyumbani kwangu mtoto anakula amekaa, hata kama ni bethdei ya nani.

Akikwama na anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, kaa naye. Akinyamaza, mwite mtu kwa sauti, mwinamishe, mpige mapigo 5 kati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Bado? Aliyezidi mwaka mmoja, pita nyuma yake, ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta kwa ndani na juu mara 5, kisha rudia mapigo. Wa chini ya mwaka tumbo haliminywi: baada ya mapigo ya mgongoni mgeuze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Usiingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani. Akilegea na kuzimia, mlaze chini, anza kukandamiza kifua, na watu watafute usafiri.

Basi, yule dada wa unga uliochacha, nimekuona. Kanda upya, nusu ya kipimo tu, vikombe viwili kasoro nusu. Alhamisi sina zamu, nitajibu za hamira iliyogoma kuumuka. Nitumieni picha, hata zilizoungua.