TUTENGENEZE MEZA YETU YA KUJIFUNZIA

Ndugu wanachama,

Kila mahali penye boila, kompresa au injini ya dizeli kuna kazi moja ambayo sisi hatupewi. Ni kazi ya kuweka namba katika kidhibiti, yaani chombo kile kinachoamua valvu ifunguke kiasi gani ili joto, presha au maji yakae pale yanapotakiwa. Mtambo ukianza kuyumba, presha ikipanda na kushuka kama mlevi njiani, twaambiwa, “Msiguse, mngojeni mtaalamu.” Mtaalamu huja na kompyuta yake, hubadili namba tatu, huandika hesabu ya fedha yake, huenda zake. Husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu huja kila mara, na mwenyeji haponi.

Namba hizo tatu ni kitu gani? Ya kwanza hutazama kosa lilivyo sasa: presha ikipungua sana, valvu hufunguka sana, ikipungua kidogo, hufunguka kidogo. Ya pili hukumbuka kosa lililokaa muda mrefu, na huzidi kusukuma mpaka liishe. Ya tatu hutazama mwendo: ikiona presha inakimbilia mahali pake upesi mno, hushika breki mapema. Hayo ndiyo yote.

Je, ni mambo mageni kwetu? Wazee wetu waliokuwa mafayaman katika Garratt za daraja la 59, tangu 1955, waliyafanya kwa macho na mikono. Fayaman alitazama geji ya stimu, alitazama kioo cha maji, alitazama rangi ya moshi, akageuza valvu ya mafuta. Kabla mlima haujafika alikwisha kuzidisha moto. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa kidhibiti. Lakini nani alimwita mtaalamu?

Tena sikilizeni. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, mhandisi aliyekuwa Marekani, aliandika hesabu ya namba hizi tatu. Aliipata kwa kuwatazama washika usukani wa meli, jinsi mtu hodari anavyougeuza na kuurudisha kabla meli haijapita njia yake. Basi elimu hii ilitoka katika mkono wa mfanyakazi. Leo tunauziwa mali yetu wenyewe.

Mwaka 1942 Ziegler na Nichols, nao wa Marekani, walitoa njia ya kutafuta namba hizo. Unaifunga namba ya pili na ya tatu. Unaizidisha ya kwanza polepole mpaka mtambo uyumbe sawasawa, bila kutulia wala kuzidi. Unaandika namba uliyofikia, na sekunde za myumbo mmoja. Ukitumia namba ya kwanza peke yake, weka nusu ya ile uliyofikia. Ukitaka na ya pili, weka asilimia 45, na muda wa namba ya pili uwe sekunde zile zigawanywe kwa 1.2.

Sasa tazameni shida ilipo. Njia hiyo yataka mtambo uyumbishwe kwa makusudi. Msimamizi gani ataturuhusu kuiyumbisha boila yenye moto? Hata sisi tusingekubali, maana ni maisha ya wenzetu. Kwa hiyo asiye na mahali pa kujaribia hatajua kamwe, na asiyejua ataambiwa siku zote asiguse. Mlango umefungwa, nasi twalaumiwa kwa kuwa nje.

Ufunguo ni meza ndogo. Chukueni mkebe wa biskuti wenye kifuniko. Ndani yake fungeni taa ya gari ya volti 12 na wati 21, pamoja na kipima joto cha waya. Nje wekeni betri, fyuzi ya ampea 3, transista ya kuwasha na kuzima taa upesi upesi, na kibao kidogo cha Arduino cha kushika zile namba. Umeme wa volti 12 hautamrusha mtu, lakini fyuzi isikosekane, maana betri yaweza kuunguza waya.

Amrisheni joto la digrii 45, mtazame. Fungueni kifuniko, mwone linavyoshuka na kurudi. Kizungushieni kipima joto kitambaa, ili habari ichelewe kufika, nanyi mtaona mkebe uliotulia ukianza kuyumba. Ondoeni taa kwa dakika kumi kisha mrudishe, mwone namba ya pili ilivyolimbikiza deni na kulipiga joto kupita kiasi. Badilisheni kitu kimoja tu kila mara, na kila jambo liandikwe katika daftari pamoja na saa yake. Makosa ya mkebe hayamuui mtu.

Wengine watacheka, “Mchezo wa watoto!” Tunawajibu: mkebe hufuata kanuni ile ile ya boila, ila boila ni nzito na hukawia zaidi. Wengine watasema vyuo vipo. Vipo, na ni vyema, lakini ni wangapi kati yetu wanaopelekwa? Mwajiri hutozwa kwa sheria Shs. 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo. Tuna haki ya kuuliza mafunzo hayo yako wapi.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kila tawi litengeneze meza moja, na watu wakutane Jumamosi baada ya kazi. Wawakilishi wetu wadai katika mapatano yajayo kwamba kila mtambo mpya uje na neno lake la siri, likabidhiwe mafundi wa hapa. Na fundi anayeijua kazi hii apandishwe daraja na mshahara, asipewe ahsante tupu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuiname juu ya meza hiyo sasa, ili kesho mtambo ukiyumba tusiambiwe tungoje.

Umoja ni nguvu.