Kanzu Huisha Kwenye Beseni

Ndugu wanafunzi, kanzu zetu nyingi haziishi kwa kuvaliwa, bali kwa kufuliwa vibaya. Ikionekana alama ya jasho kwenye ukosi tu, mkono hukimbilia jiki. Sisi tunaona desturi hii ni hasara kwa wazazi.

Jiki hula nyuzi za pamba kidogo kidogo mpaka kitambaa kichanike, na kanzu ya poliesta huweza kugeuka manjano. Wala tahara haidai jiki. Maji safi yanatosha.

Tufanyeje basi? Mshono uliofumuka tuushone kabla ya kufua. Tuiloweke kanzu nusu saa, kisha ukosi na makwapa tuyapake sabuni ya mche na kuyasugua kwa mkono, si kwa brashi ngumu. Tusuuze mara 2 au 3 mpaka povu liishe. Nyeupe tuianike juani. Ya rangi tuigeuze ndani nje, tuianike kivulini.

Kanzu iliyotunzwa hivi huvaliwa na kaka, kisha ikamfaa mdogo wake. Mzazi anayelipia ada na vitabu tumpunguzie walau gharama ya kitambaa na fundi.